Siku moja na sanduku la mzee ndani ya biti ya singeli

Saa 11 na nusu alfajiri nimeshatoka, kinasa sauti mfukoni. Mtaa wetu wa Tandale, Dar es Salaam, hupata utulivu kidogo tu, baada ya swala ya alfajiri na kabla mafundi mageti hawajawasha mashine zao za kuchomelea. Nikichelewa nusu saa, kazi ya leo imeharibika.

Mzee ananisubiri uani kwake, mtaa wa pili kutoka kwetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na yule mdudu wako?"

Mdudu ni kisahani cha shaba nilichokitoa kwenye saa ya mezani iliyokufa, nikakiunga waya kwa risasi ya kulehemu. Ukikibandika kwenye ubao, kinanasa mtetemo wa ubao wenyewe, kwa hiyo jogoo wa jirani awike atakavyo, kwenye rekodi anasikika kwa mbali sana. Ninakibandika kwenye sanduku lake. Ujana wake Unguja mzee alikuwa mpigaji wa kidumbak, muziki wa Unguja ulio jamaa na taarabu: vidumbak viwili (ngoma ndogo), fidla, mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga), na sanduku kama besi. Ni boksi la mbao lililopinduliwa, fimbo moja, uzi mmoja. Akiivuta fimbo uzi unakaza na sauti inapanda. Akiilegeza, inashuka mpaka unaisikia tumboni.

Nilimwomba apige mpigo mmoja mmoja, anyamaze kati yake. Ilimshinda. Kila akipiga wa kwanza, mkono unadai wa pili. "Mmoja mmoja ni kubisha hodi," akasema, akaendelea kupiga anavyojua. Nikamwacha. Dakika 40 za rekodi, kisha chai na chapati mbili kwa mama ntilie wa kona.

Saa 3 asubuhi nimekaa kwenye kompyuta. Studio ni chumba changu cha kulala. Ukutani niliwahi kubandika trei za mayai nikazitoa, maana kelele za nje zilipita vilevile. Sasa nimening'iniza mablanketi mazito, na angalau mwangwi umepungua. Nafungua FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, naweka kasi mapigo 240 kwa dakika. Kwa asiyeujua muziki wetu hiyo ni kasi ya kichaa, lakini biti nyingi za singeli huchezea kati ya 200 na 300. Imezaliwa mitaa hii, Manzese, Tandale, Mburahati, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, ambako madijei walichukua vipande vya taarabu wakaviharakisha huku MC akichana juu yake. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za Sisso Studios ya Mburahati, na tangu hapo wasanii wetu wamepanda majukwaa ya Ulaya. Mimi bado nina deni hapa hapa: besi zetu nyingi zinatoka kwenye kompyuta, wakati jirani yangu ana sanduku.

Tatizo nililikuta mapema. Kwenye mapigo 240, pigo moja lina milisekunde 250. Ukiligawa mara nne, kila robo ni milisekunde 62 na nusu. Uzi wa mzee ukilegea unatoa sauti ya karibu hezi 50, maana yake wimbi moja linachukua milisekunde 20. Ndani ya robo moja yanaingia mawimbi matatu tu, na sikio halijamaliza kuitambua noti tayari nyingine imefika. Nikiliacha sanduku livume linavyotaka, mkia wa noti moja unaikanyaga ifuatayo, na biti inageuka uji. Nilijaribu kuharakisha rekodi mara mbili: ilienda na kasi, lakini sauti ikapanda oktavu nzima na sanduku likawa kama gitaa la mtoto. Nikajaribu programu ya kubana muda bila kugusa noti. Ikaacha mkwaruzo wa bandia kwenye kila mpigo. Saa 5, saa 6, nipo palepale. Nilikuwa naipenda mno sauti ile ya alfajiri kiasi cha kushindwa kuigusa.

Saa 7 mchana umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani, kwa hiyo ikazima palepale.

Nikachukua Korg Volca Sample ya toleo la kwanza. Ni kidude cha kushika mkononi cha kupigia sampuli, yaani vipande vifupi vya sauti, kinatumia betri 6 za AA, na kumbukumbu yake inabeba sekunde 65 tu za sauti. Wiki iliyopita nilishaingiza humo rekodi ya kwanza ya sanduku. Safari ya kuingiza sampuli humo ni ya ajabu: zinapita kwenye waya wa hedifoni kama mlio wa kukwaruza. Nikakaa mlangoni penye upepo, hedifoni masikioni. Kwa kila sauti kina kitufe cha kuzungusha cha urefu na kingine cha mahali pa kuanzia. Kwenye kompyuta nilikuwa nachora mistari kwa macho. Hapa hakuna cha kuangalia. Nikapunguza urefu kidogo kidogo mpaka mvumo wote ukaondoka, ukabaki ule mgongano wa kwanza wa kidole, uzi na ubao. Tok. Nikaupanga kwenye robo za kasi. Kisha nikachukua sampuli ileile kwenye nafasi nyingine, nikaiacha na urefu wake wote, nikaiweka mara moja tu kila mapigo mawili.

Ngozi ilinisisimka. Juu, ubao unakimbia kwa 240. Chini, uzi unavuma kwa 120, na kila mvumo una nusu sekunde ya kupumua.

Umeme uliporudi saa 10 jioni niliunganisha kidude na kadi ya sauti nikarekodi, kisha nikarudia mpangilio uleule kwa rekodi ya leo. Bafa, yaani akiba ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa, niliishusha hadi vipimo 256 vya sauti, takribani milisekunde 6 za kuchelewa. Ukisahau ukaiacha 1024 ni milisekunde 23, zaidi ya theluthi ya robo yetu moja, na vidole vinaanza kubishana na masikio.

Saa 11 akaja MC wangu, katoka kazini, shati limelowa. "Oya, hii besi umeitoa wapi?" Akachana mara tatu, ya pili ndiyo tuliyoichukua. Aliomba nimwachie mapigo manne matupu kabla ya kibwagizo apate pumzi, nami nikakata hata haihati, yale matoazi.

Miksi niliimalizia saa 1 usiku kwenye sabufa ya kinyozi, halafu kwenye simu. Spika ya simu haiwezi kabisa kutoa hezi 50, na mtaani wengi wanasikiliza kwa simu. Nikaikwaruza besi kidogo ipate milio juu yake, hezi 100, 150, 200 na kuendelea, mpaka ile ambayo simu inaweza kuitoa. Sikio likizisikia hizo, lenyewe linaijazia ile ya chini.

Saa 2 na nusu nilimkuta mzee amekaa barazani. Nikamvisha hedifoni. Mwanzo alikunja uso, mkono ukapanda kama anayetaka kuzivua. Ukashuka. Mguu wake wa kulia ukaanza kupiga chini taratibu, nikahesabu: 120. Akasikiliza mpaka mwisho, akazishika hedifoni mapajani kwa muda.

"Pale kati mmenyamaza kidogo," akasema. "Hapo ndipo sisi tulikuwa tunamwachia fidla. Kesho njoo mapema, nitakupigia ilivyokuwa."