Nilifuata makauboi Mount Shasta

Treni ilitoka Los Angeles saa nne asubuhi, ikanishusha Dunsmuir, kaskazini mwa California, alfajiri ya siku ya pili kungali giza. Kituo kidogo, taa mbili tatu, na baridi ya mwezi wa nne iliyonikuta na kishati cha pwani. Kosa langu mwenyewe. Kulipokucha nikapata lifti hadi Mount Shasta, mji ulio chini ya mlima wa jina hilohilo. Zamani uliitwa Sisson, na ndipo alipozaliwa Anita Loos, mwandishi wa filamu, mwaka 1888.

Mwaka 1912 Loos aliiuzia kampuni ya filamu ya Biograph hadithi kwa dola 25, D. W. Griffith akaiongoza, Mary Pickford akaicheza. Filamu zilikuwa bubu bado, maneno yakitokea kwenye vibao katikati ya picha. Wengine waliviandika kama matangazo ya msiba. Yeye akavitia utani, watu wakawa wanacheka kwa kusoma.

Mimi nampendea Wild and Woolly ya 1917, aliyomwandikia mwigizaji Douglas Fairbanks. Mtoto wa tajiri wa reli wa New York ana wazimu wa ukauboi, hata chumbani mwake kasimamisha hema la Kihindi Mwekundu. Baba anamtuma Bitter Creek, Arizona. Wenyeji ni watu wa kisasa tu, ila wanaitaka reli, basi wanavaa bastola na kuurudisha mji miaka ya 1880 ili mgeni afurahi. Bastola yake wanaitia risasi za mlio mtupu. Kisha anatokea mwizi wa kweli.

Nami nilishuka kwenye ile lifti nikitafuta farasi. Nikakuta maduka ya mawe ya kung'aa, eti yanatibu roho. Kipande kama ndimu kinauzwa bei ya mbuzi. Mlima wenyewe una mita 4,322. Kwa mtu wa Moshi si wa kutisha, lakini theluji yake ilikuwa imeshuka chini mno, karibu na miti, nikaukodolea macho hadi shingo ikaniuma.

Mgahawani mzee mmoja aliyevaa kofia ya besiboli akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Tanzania, chini ya Kilimanjaro. Macho yakamtoka.

"Simba mnawaona?"

Kwetu kuna migomba, bodaboda na jirani mwenye redio ya kelele. Nikamtazama yule mzee, nikaikumbuka Bitter Creek.

"Usiku hupita nyuma ya nyumba," nikasema.

Kahawa alilipa yeye.