Mzigo wa Nani

Nimesharudi nyumbani, malengelenge ya miguuni yamekauka, ndugu yangu Sadiki hatimaye ameoa na barua yangu ya uhamisho wa Singida imefika, lakini kinachonikosesha usingizi ni maneno machache ya bibi mmoja wa Chunyo ambaye hata jina sikumuuliza.

Mliosoma niliyoandika kuhusu kipande cha Kilosa cha njia ya zamani ya misafara mnajua kwamba safari hii nilikusudia kutoka Mpwapwa hadi Mvumi, mkoani Dodoma, kwa miguu, peke yangu, nikikatiza Marenga Mkali, ile nyika kavu iliyowatia hofu watu wa misafara ya Bagamoyo na Ujiji. Njia nzima ni kama kilomita 1,200, na mimi naila kidogo kidogo, likizo kwa likizo. Chunyo ndipo msafara uliokuwa ukielekea bara ulipojaza vibuyu kabla ya kuingia nyikani, ingawa maji yenyewe yalilalamikiwa na wasafiri wa karne ya 19 kwa chumvi yake. Watu walikula, wakaondoka mchana, wakatembea hadi giza likawakuta, wakalala bila maji na kuamka alfajiri kuyafuata yaliyokuwa mbele. Mwendo huo wa alasiri waliuita terekeza. Mimi nilikuwa na chupa zangu, simu yenye ramani na njia za vumbi ambazo bodaboda hupita, kwa hiyo sijilinganishi na mtu.

Bibi alikuwa ameketi kivulini karibu na bomba la maji. Nikamwambia "Mbukwenyi", Kigogo nilichojifunza kwa wanafunzi wangu, nikaongeza shikamoo ili nisije nikaharibu. Aliitikia vizuri. Kisha akanyoosha mkono, akaunyanyua mkoba wangu kidogo kutoka chini kama mpima pamba anavyoonja uzito wa gunia, akaurudisha.

"Mzigo wa nani huu?"

"Wangu, bibi."

"Unampelekea nani?"

"Simpelekei mtu. Natembea tu, naifuata njia ya zamani."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Mzigo hauna wa kuupokea. Sasa umeubebea nini, mjukuu wangu?"

Hakukuwa na dhihaka katika sauti yake, na hilo ndilo linalonisumbua, kwa kuwa dhihaka ningeijibu. Tangu siku ile nimemjibu nikiwa jikoni, nikiwa ndani ya basi, na hata katikati ya sherehe ya Sadiki, huku shangazi akinivuta mkono niingie kucheza. Mara namwambia kwamba mtu huhitaji kukaa na mawazo yake mbali na kengele ya shule. Mara namwambia kwa ukali kidogo kwamba mwanamke naye ana haki ya kwenda mahali bila kutumwa. Kila jibu ninalolipata naliona limenyooka mpaka nikumbuke jinsi alivyouweka ule mkoba chini, taratibu, kana kwamba mwenyewe angekuja kuuchukua.

Tena ameuliza palepale panapostahili kuulizwa. Katika njia ile hapakuwa na mzigo usio na mwenyewe, wala mtu aliyepita peke yake kwa hiari. Mpagazi alibeba takriban frasila mbili, yaani kama kilo 32, za vitambaa, shanga au pembe za ndovu, na kila robota lilijulikana ni la nani na linakwenda kwa nani. Wanyamwezi wengi waliifanya kazi hiyo kwa ujira na kwa fahari, maana kwao kufika pwani na mzigo begani kulikuwa kipimo cha uanaume. Katika njia hiyohiyo walipita pia watumwa, ambao mzigo ulikuwa wa bwana na aliyeubeba naye alikuwa wa bwana. Halafu nawafikiria Chuma na Susi, watumishi wa mvumbuzi Livingstone, ambao baada ya Unyanyembe, karibu na Tabora, waliufunga upya mwili wa bwana wao ufanane na robota la vitambaa, kwa kuwa wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Bibi kama huyu angewauliza mzigo ni wa nani, wangelazimika kudanganya. Waliufikisha Bagamoyo Februari 1874, na ulipozikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili wao hawakuwapo.

Na yupo babu yake baba. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba mzee huyo alitoka Unyanyembe, akaja Bagamoyo na msafara, basi; hapo angeagiza chai. Kwa ujira au kwa kamba shingoni, hakupata kusema, na Mama akiulizwa hujibu kwamba waliokufa waachwe wapumzike. Sikwenda Marenga Mkali kumtafuta, sikuwa na ndoto hiyo, lakini swali la bibi nililisikia kama linamhusu yeye kabla halijanihusu mimi.

Sijawaambia yaliyofuata. Bibi aliniacha nimesimama pale, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mlenda mkavu uliofungwa kwa kitambaa cha kanga. "Basi mpelekee binti yangu Mvumi, anauza maandazi karibu na hospitali. Mwambie mboga ya mama." Hakuniomba, alinituma. Nami, niliyetoka Dodoma nikijisifu kwamba sitatumwa na mtu, niliupokea kwa mikono miwili na kuutia juu kabisa ya mkoba ili usipondeke. Nimeivuka nyika ile nikiuchungulia kila nilipopumzika. Nilipolala nje kwa hofu ya kawaida ya mtu aliye peke yake, nilijikuta nawaza zaidi umande usiuloweshe mlenda wa watu kuliko fisi.

Binti hakupata tabu kujulikana, maana ni mama yake mtupu. Aliufungua mfuko papo hapo, akautazama, akanitazama mimi.

"Mama huwa anaujaza mpaka juu," alisema. "Huku njiani hukupika?"

Nilicheka mpaka wateja wake wakageuka. Wakuu wa misafara nao walikagua mizigo kwa jicho hilohilo. Nilimwapia kwamba sikugusa hata jani, akakubali nusunusu, akanipa maandazi mawili na kukataa hela yangu, kisha akampigia mama yake simu kumwambia mzigo umefika. Nilimsikia bibi kwa mbali akiuliza kama yule mtembeaji ameshapata pa kwenda.

Mama anakohoa tangu siku ya arusi. Anasema ni vumbi la kufagia uwanja, lakini usiku namsikia akiamka tena na tena, na sijui nitamshawishi vipi aende zahanati kabla sijaanza kufunga vyombo vya Singida.