Sikimbii presha, nakimbilia namba

Tangu nirudi barabarani kukimbia, kila anayenifahamu ameshanitungia sababu. Jirani yangu anaamini nimekutwa na sukari. Mama mmoja wa jumuiya alinivuta pembeni baada ya sala akaniuliza, kwa sauti ya msibani, kama ni daktari aliyenilazimisha. Walimu wenzangu wameshakubaliana kuwa napunguza tumbo, wakaniunga kwenye grupu la jogging la Jumamosi: tisheti za rangi moja, spika juu ya kirikuu, mchakamchaka, halafu supu. Sina ugomvi nao, na supu yao ni nzuri. Ila mimi siyo wa huko. Nina miaka 46 na nakimbia marathoni kwa sababu nataka kushika namba.

Kijana akisema hivyo anaambiwa ana malengo. Mama wa watoto watatu akisema hivyo, watu wanacheka kidogo halafu wanauliza bei ya mahindi.

Nadhani hata hadithi tunazozipenda zimetuchelewesha. Nani aliyesoma Tanzania hajasimuliwa habari za John Stephen Akhwari, marathoni ya Olimpiki ya Mexico 1968, mguu umefungwa bendeji, anaingia uwanjani giza limeshashika? Mimi mwenyewe naisimulia darasani. Lakini tunaisimulia kana kwamba mzee yule alifunga safari yote ile ili amalize tu. Alikwenda kushindana. Akaanguka, akaumia, akamaliza wa mwisho, na miaka miwili baadaye kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh akashika namba tano ya marathoni. Hiyo namba tano sijawahi kumsikia mtu akiitaja. Na aliyeshinda siku ile ya Mexico, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa na miaka 36. Mwaka 1972, na miaka yake 40, akachukua shaba Munich. Hilo nalo halisimuliwi, na ndilo ninalolihitaji mimi saa kumi na moja alfajiri.

Septemba 2025 Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya dunia ya marathoni kule Tokyo, asubuhi ile ofisi ya walimu haikufanya kazi. Tulirudia video ya mita mia za mwisho mpaka bando la mwalimu wa Jiografia likakata. Yeye na Mjerumani Amanal Petros walipewa muda uleule, 2:09:48, ikabidi picha iamue. Tofauti yao sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Watu walipiga meza. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kama Simbu anakimbia kwa ajili ya afya.

Historia yangu ni fupi. Nilikimbia UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari, kisha klabu hapa Arusha, na marathoni yangu nzuri kabisa ilikuwa ya saa mbili na dakika hamsini na kitu. Ikaja ajira, kituo cha kazi mbali na lami, ndoa, watoto, shahada ya jioni. Raba nikampa mdogo wangu. Hakuna siku niliyoamua kuacha. Mbio ziliisha tu, kama mshahara.

Kurudi ndiko kwenye mambo. Kitu cha kwanza nilichojifunza ni kwamba pumzi na kano, zile kamba zinazoshikiza msuli kwenye mfupa, hazirudi kwa basi moja. Moyo na mapafu vinakumbuka haraka. Ndani ya wiki kadhaa nilikuwa napanda kutoka Sakina hadi Ngaramtoni nikiongea. Kano hazina haraka hiyo. Damu inayofika huko ni kidogo, na ukishafika umri huu zinajijenga kwa miezi, siyo wiki. Kwa hiyo unajikuta una injini ya lori kwenye fremu ya baiskeli: kifua kinasema twende, kisigino kinasema utaniua. Wengi wanaorudi wakiwa na arobaini na kitu wanaumia hapohapo, pumzi inapowadanganya kwamba wamekuwa vijana tena.

Dawa yake inachosha kuisimulia, lakini inafanya kazi. Kila jioni nasimama kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, nusu ya mbele tu ya mguu ikiwa juu ya saruji, begi la madaftari ya Kidato cha Pili mgongoni. Napanda kwa miguu yote miwili, kisha nahamishia uzito kwenye mguu mmoja na kushusha kisigino polepole sana mpaka kipite chini ya usawa wa ngazi. Napanda tena. Nashusha. Mwanangu wa mwisho anapigia mswaki pale pembeni huku akinihesabia, na anapenda kuruka namba ili niendelee. Insha zikiwa ndefu begi linakuwa zito, nami nafaidika.

Kocha wangu ni mzee wa maneno machache. Jumanne vijana wanapiga spidi pale Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, kilomita moja moja na mapumziko mafupi katikati. Zamani nilikuwa nafanya spidi Jumanne, Alhamisi narudia, Jumapili napiga ndefu. Sasa nikifanya Jumanne, mapaja yananidai mpaka Ijumaa. Kwa hiyo spidi ni mara moja kwa wiki, ndefu mara moja, na siku zilizobaki ni taratibu ya kuaibisha, msituni Olmotonyi ambako udongo ni laini na hakuna bodaboda wa kukuambia "Mama, panda nikupeleke." Taratibu yenyewe ndiyo ngumu. Ukiwa umewahi kuwa mkali, kupitwa na mtu aliyebeba kuni kunauma. Vijana wakianza kuchanganya kasi, kocha ananiita: "Madam, leo unakimbia na saa yako. Achana na watoto wa watu."

Kuna jambo lingine ambalo sijaliona likizungumzwa kwenye magrupu yetu ya mbio, labda kwa sababu waongeaji wengi ni wanaume. Nimeshaanza safari ya ukomo wa hedhi. Usiku mwingine naamka nimelowa kama nimetoka mazoezini, wakati saa kumi na nusu kengele italia niende mazoezini. Joto linaweza kunipanda katikati ya Julai, Arusha yote imevaa sweta, nami natamani kuvua hata ngozi. Usingizi ukikatika, programu inakatika. Siku hizo nahamisha spidi na sijioni mzembe. Na damu, kwa miezi mingine, inatoka nyingi kuliko ujana. Nilipima, chuma kilikuwa chini. Nimeambiwa nile maini, dagaa na mchicha, nikamulie limau, na chai ya rangi nisiinywe pamoja na chakula kwa sababu inazuia mwili kunyonya chuma cha mboga. Kuacha chai mezani kumenishinda nguvu kuliko kilima chochote. Lakini mabadiliko niliyaona kwenye saa kabla sijayaona kwenye karatasi za maabara.

Nikaenda Moshi, Kilimanjaro Marathon, mbio nzima. Wanaoijua wanajua: nusu ya kwanza ni barabara kuu, tambarare, inakushawishi utumie kila ulichonacho. Halafu unaanza kupanda kuelekea Mweka, migomba huku na huku, watoto wamekaa kwenye kingo wanapiga makofi, na kilima hakina kona unayoweza kusema nikifika pale kimeisha. Katikati ya mpando akanipita binti mmoja, umri wa mwanangu mkubwa. Alipofika sawa na bega langu akapunguza kidogo na kusema, "Shikamoo mama."

Sasa hebu fikiria. Mpinzani wako anakupita, tena kwa adabu zote. Pumzi ya kujibu sina, na kutojibu siwezi, nitaonekana sikulelewa. Nikasema "Marahaba," nikapoteza hatua mbili, naye huyo akaenda. Sijui kama kuna nchi nyingine ambako heshima inaweza kukugharimu sekunde.

Ila kushuka kutoka Mweka ni kazi ya mapaja, na mapaja yangu nilikuwa nimeyafundisha kushuka kwa makusudi, asubuhi nyingi za mteremko wa Ngaramtoni. Nikamkuta chini, amejishika kiuno. Nikampa "Pole mwanangu," na sikupunguza hata robo. Nilimaliza kwa saa tatu na dakika 24, namba 14 ya wanawake. Yule binti tulikutana kwenye foleni ya maji. Akaniamkia tena.

Watu hunitajia Edna Kiplagat, ambaye aliandikishwa mshindi wa marathoni ya Boston ya 2021 akiwa na miaka 41 baada ya aliyemtangulia kufutwa, kisha mwaka 2024 akashika namba tatu palepale akiwa na 44. Au Kenenisa Bekele, wa pili London 2024 kwa 2:04:15 na miaka yake 41. Nawaheshimu mno, lakini wale hawakurudi, hawakuwahi kuondoka. Anayenigusa zaidi ni Kenneth Mungara wa Kenya, kinyozi aliyekuwa akiwanyoa wakimbiaji kabla ya kuwa mkimbiaji mwenyewe, akashinda Gold Coast kule Australia mwaka 2015 kwa 2:08:42 akiwa na miaka 41. Kinyozi! Nikichoka kusahihisha daftari namfikiria yule.

Lalamiko langu ni dogo. Kuna mbio moja, siitaji, fomu yake ya kujisajili ilinidai tarehe ya kuzaliwa kama vile naomba pasi ya kusafiria. Matokeo yakatoka bila safu ya umri. Katika riadha duniani wakongwe wanaanza kuhesabiwa miaka 35, na kila miaka mitano ni kundi lake. Sidai fedha, zawadi za fedha wabaki nazo vijana, kwao ile ni kodi ya nyumba na ada za wadogo zao. Nataka safu moja tu kwenye karatasi, nijue wa rika langu wangapi wako mbele yangu na wako mbali kiasi gani, nianze kuwatafuta. Nililisema hili kwenye grupu, kijana mmoja akajibu, "Mama, tupisheni na sisi." Nimemwalika Jumapili moja aje tukimbie ndefu. Hajatokea bado.

Kwa sasa kisigino cha kushoto kimetulia na begi la ngazini limepokea daftari za Kidato cha Tatu. Kocha anasema mbio inayofuata niende nusu, niusikilize mwili, nzima tuiache mpaka mwakani. Nimemwitikia vizuri tu. Hajajua kwamba nzima nimeshailipia kwa simu tangu wiki iliyopita, na kwa kuwa mwanawe humsomea haya ninayoandika, nategemea kupigiwa kabla ya Jumanne.