Kabla ya mizunguko minne, kuna makali ya nje

Wengi wakitaja mchezo wa kuteleza kwa mitindo kwenye barafu, hukimbilia mruko wa mizunguko minne. Tuanze chini, kwenye chuma cha kiatu. Unene wake ni kama milimita 4, na kimechongwa mfereji katikati toka mbele hadi nyuma, kwa hiyo kina makali mawili: ya ndani na ya nje. Jinsi mtoto anavyoyatumia makali hayo huamua atafika wapi akiwa mkubwa.

Chukua mruko uitwao Lutz, kwa mchezaji anayezunguka kinyume cha saa. Anarudi kinyumenyume kwa mguu wa kushoto, kaegemea makali ya nje, anachomeka meno ya mbele ya kiatu cha kulia, kisha anaruka na kuzunguka upande ulio kinyume na tao alilokuwa akilichora. Mwili haupendi hivyo. Sekunde ya mwisho kifundo kinalala ndani, na kilichorukwa ni flipu, mruko wa makali ya ndani, si Lutz. Jopo la ufundi hurudia picha polepole, linaweka alama ya e, yaani makali yasiyo sahihi, thamani inashuka na majaji nao wanakata kwenye ubora. Aliyeizoea tabia hii akiwa na miaka 10 atalazimika baadaye kurudi kwenye Lutz ya mzunguko mmoja, na katikati ya msimu nani ana muda huo?

Ila kabla ya kumkaripia mtoto, kagua chuma kimefungwa wapi. Kifundo kikilala ndani hata anapoteleza moja kwa moja, mara nyingi dawa ni kukisogeza chuma kidogo upande wa ndani. Fundi mzuri hutia kwanza skrubu chache kwenye matundu marefu, anamwacha mchezaji ateleze, anarekebisha, ndipo anafunga zote. Viatu vipya visivaliwe wiki ya mashindano, na chuma kisinolewe usiku wa kuamkia siku hiyo. Makali mapya hung'ang'ania barafu kuliko mguu ulivyozoea.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo wazazi wanapodanganyika. Kwa jedwali la thamani za miruko la msimu wa 2024/25, mruko uitwao toe loop, wa mizunguko minne, ulikuwa na pointi 9.5. Ikipungua nusu mzunguko inahesabiwa kuwa ya mitatu: 4.2. Mchezaji akianguka na majaji wakampa -5 ya ubora, alama ya chini kabisa, nusu inakwenda, zinabaki 2.1. Toa 1 ya kuanguka. Zimebaki 1.1! Lutz safi ya mizunguko mitatu ina 5.9 kabla hata ya nyongeza ya ubora.

Umri nao umebadilisha mipango. Mwaka 2022 Shirikisho la Kimataifa la Kuteleza, ISU, liliamua kupandisha umri wa chini wa daraja la wakubwa kutoka 15 hadi 17, kwa hatua: 16 msimu wa 2023/24, 17 msimu uliofuata. Ni uamuzi mzuri, ingawa ulichelewa. Msichana aliyepata miruko mikubwa akiwa na miaka 13 sasa lazima aivushe kwenye ukuaji: kimo kinaongezeka, nyonga zinapanuka, mzunguko unapungua kasi. Kocha anayeongeza idadi ya miruko ili kurudisha kasi iliyopotea anaharibu, kwa sababu kutua ni kwa mguu uleule kila mara, na nyufa za mifupa ya mguu na maumivu ya kiuno huanzia hapo. Bora kuihesabu miruko ya kila kipindi, ile ya kuanguka ikiwemo, na kufanya mingine nje ya barafu.

Wakiacha mashindano, wengine huwa makocha, wengine huketi kwenye jopo la ufundi, wengine huingia kwenye maonyesho. Huko uwanja mara nyingi ni mdogo na taa zinapiga machoni; anayetafutwa ni yule ambaye mruko wake wa Axel, wa mizunguko miwili na nusu, haukosi usiku wowote.