Kikwapa: nilihangaika na kwapa, kumbe kesi iko kwenye shati

Anayekwambia "oga vizuri" hajui kikwapa. Joto la Dar la Januari nilikuwa naoga mara tatu kwa siku, na bado nikishika bomba la juu kwenye mwendokasi, jirani anageuza uso.

Jasho lenyewe halina harufu. Bakteria wa kwapani, hasa Staphylococcus hominis na jamii ya Corynebacterium, hulimeng'enya, na mabaki ya mmeng'enyo huo ndiyo yanayonuka.

Ushauri wa kwanza ulikuwa ndimu. Nikapaka, tena nimetoka kunyoa. Jamani! Siku mbili natembea nimetanua mikono kama kuku anayeanika mbawa. Nikaambiwa magadi: ngozi ina tindikali kidogo, magadi yanaiondoa, vipele vikanitoka. Jiwe la shabu ndilo lililosaidia. Unalilowesha, unapitisha kwenye kwapa safi, unaacha likauke. Bei yake ni ndogo tu.

Lakini ikifika saa nne, harufu hiyo! Ila siku za shati la pamba, kimya. Hapo nikashtuka. Mashati yangu mengi ni poliesta ya mtumba wa Karume. Poliesta hainyonyi maji, inashika mafuta ya mwili, na bakteria aina ya Micrococcus hustawi humo. Maji baridi na sabuni hayawafanyi kitu. Kipimo changu ni pasi: chukua shati lililofuliwa likakauka, nyunyizia maji kidogo kwapani, pitisha pasi ya vuguvugu, nusa. Likinuka, hukufua.

Sasa nalipindua ndani nje, natia kwenye ndoo nusu maji yaliyochemka, nusu ya bomba, yanakuja kama nyuzi 60. Nafunika nusu saa, nageuza kwa mwiko. (Shati linalochuja rangi, liache.) Halafu siki kikombe kimoja kwa lita 5 za maji, nusu saa nyingine, nasuuza, ndipo sabuni na kusugua. Siki na Jik visikutane kabisa, vinatoa gesi ya klorini. Dawa ya kulainisha nguo nimeacha, inaweka utando. Masika usikunje nguo yenye unyevu.

Kwapa nalo lina zamu yake: dawa ya kuoshea ya benzoili peroksaidi 5% ya famasi, dakika 2, suuza sana, mara mbili kwa wiki. Inapausha kitambaa. Taulo la bluu la mke wangu lina mabaka mawili meupe, na bado nadaiwa.