Kiburi Ulingoni na Shingo ya Mwenzako

Katika mieleka ya kulipwa mshindi hupangwa mapema, lakini uzito wa mtu haupangwi. Mwanamieleka wa kilo 110 akiinuliwa juu ya bega na kubwagwa, anabwagwa kweli: chini yake kuna turubai, sponji nyembamba, mbao, kisha vyuma. Kinachomwokoa ni kwamba wapinzani wawili wanafanya kazi moja. Ndiyo maana naogopa zaidi mwenye majivuno kuliko mwanafunzi asiyejua kitu. Asiyejua hufundishwa.

Chukua mbwago wa kawaida kabisa. Anayeinuliwa hufanya nusu ya kazi: anaruka kwa miguu yake mwenyewe, anaegemeza mkono kwenye paja la mwenzake ajisukume juu, anakaza tumbo. Mwinuaji anamwongoza hewani na kumlaza akiwa bapa. Wakati wa kutua, kidevu kinabanwa kifuani, pumzi inatoka, mgongo wa juu wote unagonga kwa pamoja na viganja vinapiga turubai pembeni. Kiwiko kikitangulia, kinaweza kuvunjika. Sasa mwenye kiburi, akiona mpinzani si wa hadhi yake, hujilegeza kama gunia ili mwenzake aonekane dhaifu. Mwinuaji anapinda mgongo, mshiko unaponyoka katikati ya njia, na mara nyingi anayeangukia kichwa ni huyo huyo aliyejilegeza.

Paildraiva, mbwago wa kumshusha mtu kichwa chini, haina huruma zaidi. Unayemshika yuko kichwa chini, kichwa chake kati ya mapaja yako, na lazima kibaki juu ya usawa wa mapaja. Ukishuka kwa magoti, miguu yako inapokea kishindo. Ukishuka kwa kukaa, nafasi iliyobaki kati ya utosi na turubai ni ndogo mno, na kichwa kikiwa kimeteleza kidogo tu, shingo ndiyo inayobeba uzito wote. Tarehe 3 Agosti 1997, kwenye onyesho la mieleka la SummerSlam huko Marekani, Owen Hart alishuka kwa kukaa na kichwa cha mpinzani wake, Steve Austin, kikagonga. Austin alipoteza nguvu za mwili kwa muda, akamaliza pambano kwa shida kubwa, na shingo hiyo ilimsumbua hadi mwisho wa kazi yake. Ile ilikuwa ajali. Lakini ndiyo sababu aina ya mshuko hukubaliwa kabla ya kupanda ulingoni, na mwenye shingo ndiye mwenye neno la mwisho. Anayejibu “mimi nimezoea hivi” asipewe shingo ya mtu.

Kuhusu mapigo: kiganja na mkono hulenga kifua cha juu, kamwe si koo. Pigo likizidi, desturi huruhusu kurudishiwa moja la nguvu hiyo hiyo, yaishe. Kiburi hakikubali yaishe. Novemba 1987, katika ukumbi wa Korakuen jijini Tokyo, mwanamieleka Akira Maeda alimpiga teke la uso mwenzake Riki Choshu wakati mikono ya Choshu ikiwa imemshikilia mpinzani mwingine. Mfupa wa tundu la jicho ukavunjika. Ukumbi huo huo, Februari 2015, mwanamieleka wa kike Yoshiko alimshambulia mpinzani wake Act Yasukawa kwa ngumi za kweli hadi akamvunja mifupa ya uso. Aliyeacha kujikinga kwa sababu anakuamini hana ulinzi wowote dhidi yako.

Wengi hukimbilia mfano wa Montreal, 9 Novemba 1997: Bret Hart hakutaka kumwachia Shawn Michaels mkanda wa ubingwa mbele ya Wakanada wenzake, na Vince McMahon, mmiliki wa kampuni, akaamuru kengele ipigwe Hart akiwa amebanwa miguu bila kusalimu amri. Hakuna shingo iliyovunjika. Madhara yake naona yako kwingine: mtu anayeshuku hila hukaza mwili wakati wa kutua, anapopaswa kuulegeza, na mwili uliokazwa hutua vibaya.

Kuna pia kiburi cha kuficha maumivu. Desemba 1999 teke la mpinzani wake Goldberg lilimpata Bret Hart kichwani. Alimaliza pambano, akaendelea kupanda ulingoni wiki zilizofuata, na mwaka 2000 akastaafu kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo.

Ishara za kuzuia haya zipo. Baada ya pigo zito, minya kiganja cha mwenzako. Akiminya naye, yuko sawa. Asipominya, acha kila kilichopangwa, hata kama pigo lako la kumalizia ndilo watu walilolipia kuliona. Usimwinue tena, usimgeuze, usimvute shingo. Mwamuzi apige magoti amwulize, na akiona hajibu vizuri anyanyue mikono na kuikutanisha kama herufi X ili daktari aje. Mamlaka ya kusimamisha pambano yawe yake peke yake, bila kusubiri ruhusa ya mpangaji aliye nyuma ya pazia, na hata kama mkanda ulipangwa kubadilisha kiuno usiku huo.