Soksi kwa mashine ya sweta: tumefika pea ya tatu

Mashine ni ile ile bapa inayofuma sweta za shule: sindano 200, nafasi ya milimita 4.5 kutoka sindano hadi sindano. Mguu una mzunguko wa sentimita 23 na urefu wa 26. Pea ya kwanza ilikuwa ya akriliki. Inateleza vizuri mashineni, lakini ikivaliwa inalegea. Sasa tunatumia sufu asilimia 75 na nailoni asilimia 25, na pea moja inakula kama gramu 75.

Kipande cha majaribio, baada ya kufuliwa na kukauka, kilitoa vitanzi 30 na mistari 42 kwa sentimita 10. Soksi sharti ibane kidogo, kwa hiyo 23 inashushwa hadi 21: vitanzi 63, na kimoja cha mshono. Jumla sindano 64. Nusu ya kulia ni kisigino na wayo, ya kushoto ni juu ya mguu. Soksi ya pili inageuzwa, kulia iwe kushoto, ili mishono yote miwili ya ubavuni ikae upande wa ndani wa mguu.

Shingo, ukingo wa juu unaobana, ni mistari 24. Kuacha sindano moja wazi katika kila tatu ni haraka, ila soksi inateremka. Afadhali kufuma kwa sindano zote, kisha kuangusha kila kitanzi cha nne na kukipandisha upya kwa sindano ya mkono yenye ulimi (kijiti kidogo kinachofunga ndoano yake), ngazi kwa ngazi, kwa upande unaokutazama. Shina, sehemu iliyo kati ya shingo na kisigino, ni mistari 64.

Kisigino ndipo kazi ilipo. Kigari, kile kinachosukumwa juu ya sindano ili zifume, kiwe kulia. Sindano 32 za kushoto zisogezwe mbele kabisa zipumzike, yaani zisifume. Kabla ya kila mstari, pumzisha sindano moja ya mwisho iliyo mbali na kigari, fuma, kisha pitisha uzi chini ya sindano hiyo. Ukisahau kupitisha, kinabaki kitundu. Endelea mistari 20, zibaki sindano 12 katikati. Halafu rudisha sindano kazini moja moja kwa mistari 20 mingine.

Katika pea ya pili vitanzi vilipanda na kuruka ndimi za sindano, visifumwe. Sababu: kisigino kinatuna kama mfuko, na uzito ulioning'inia chini haukivuti tena. Vizito vya makucha vishikizwe kwenye kisigino chenyewe, kimoja kila upande, na vipandishwe kila baada ya mistari minne. Tundu kwenye kona, kisigino kinapokutana na juu ya mguu, linazibwa hivi: chukua kitanzi cha mstari wa chini kutoka sindano jirani iliyopumzika, kitundike juu ya sindano ya mwisho ya kisigino, ndipo ufume zote 64.

Wayo ni mistari 62: urefu wa soksi ni 24.5, kisigino na ncha vinachukua karibu 4.8 kila kimoja. Ncha inafumwa kama kisigino, kwenye nusu ile ile. Funga kwa mistari sita ya uzi wa kutupa (wa muda tu, unafumuliwa baadaye), toa mashineni, unganisha vitanzi 32 kwa 32 kwa sindano butu na uzi wa sentimita 50. Usivute kila hatua. Legeza, kisha kaza ukimaliza vitanzi vinane vinane, la sivyo panajikunja tuta linaloumiza vidole.

Pea ya nne: uzi wa nailoni wa kushonea uambatane na sufu, kisigino na ncha tu.